Mgonjwa Ndiye Mwamuzi: Kuuelewa Usalama wa Kitamaduni katika Afya ya Msingi ya Watu wa Asili

Homa ya rumatiki huanza na jambo dogo: koo linalouma, au vidonda vya ngozi vilivyoingiwa na bakteria aina ya streptokoka. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili inayopambana na bakteria hao hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe. Viungo huvimba, na valvu za moyo huanza kuharibika. Shambulio likirudi mara ya pili na ya tatu, valvu huziba au huvuja, na mtoto huyo anaweza kuhitaji upasuaji wa moyo kabla hajamaliza shule. Kwa Waaustralia walio wengi ugonjwa huu umebaki wa kusomwa vitabuni. Katika jamii za Waaborijini na Wanavisiwa wa Torres Strait, yaani watu wa asili wa Australia, hasa za kaskazini na katikati ya nchi hiyohiyo, bado unaua vijana.

Kinga dhidi ya shambulio la pili inajulikana, ni ya zamani na si ghali: penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, sindano moja kila siku 28 au kabla ya hapo, kwa miaka mingi, mara nyingi mpaka mtoto awe mtu mzima. Sindano yenyewe ni nzito na inauma. Isitoshe, siku ya kuchomwa mtoto hajisikii mgonjwa hata kidogo. Yuko uwanjani anacheza. Daktari bingwa wa moyo hana cha kuongeza hapo. Kinachoamua kama valvu zitapona au zitakufa ni kama mama, au bibi, atakubali kumrudisha mtoto kliniki mwezi huu, na mwezi ujao, na mwaka ujao.

Nimeanza na ugonjwa huu kwa sababu neno "usalama wa kitamaduni" likitajwa, wengi hufikiria adabu: mchoro wa kienyeji ukutani, salamu ya lugha ya mahali, semina ya nusu siku kwa wauguzi wapya. Mimi naona huko ni kulipunguza jambo lenyewe. Magonjwa yanayowamaliza watu wa asili wa Australia mapema, yaani kisukari, figo, moyo na maambukizi ya masikio ya watoto, karibu yote ni ya kurudi na kurudi tena. Huduma ya afya ya msingi inasimama au kuanguka juu ya kurudi huko. Kwa takwimu za miaka ya 2020 hadi 2022, mwanamume Mwaborijini au wa Torres Strait alitarajiwa kuishi miaka 71.9 na mwanamke 75.6; hiyo ni pungufu ya wenzao kwa miaka 8.8 na 8.1. Sehemu ya pengo hilo iko kwenye mlango wa kliniki ambao watu hawataki kuupita.

Kwa nini hawataki? Wanaosema ni ujinga au uvivu hawajasoma historia. Kati ya mwaka 1908 na 1919, serikali ya Australia Magharibi iliwakusanya Waaborijini waliodhaniwa kuwa na magonjwa ya zinaa, wengine wakiwa wamefungwa minyororo, ikawapeleka kwenye visiwa vya Bernier na Dorre na kuviita hospitali. Waliotenganishwa na ndugu zao kwa namna hiyo, wengi walifia huko. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, watoto walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao kwa amri ya serikali, na hospitali za uzazi zilikuwa miongoni mwa mahali walipochukuliwa. Taarifa ya taifa kuhusu watoto hao ilitolewa mwaka 1997, na wengi wa walionyang'anywa bado wako hai. Bibi anayesita kumpeleka mjukuu wake kwa mtu mwenye koti jeupe hana ushirikina wowote. Anakumbuka.

Wala si mambo ya Australia pekee, au ya zamani pekee. Mwezi Septemba 2020, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba wa Atikamekw, mojawapo ya mataifa ya watu wa asili, alifariki katika hospitali ya Joliette, Quebec, nchini Kanada. Kabla ya kufa alirusha video kwa simu yake, na ndani yake wahudumu wanasikika wakimtukana. Uchunguzi wa kifo hicho ulihitimisha kwamba ubaguzi na dhana potofu vilichangia. Hospitali ilikuwa na vifaa na wataalamu. Alichokikosa mama yule ni mtu wa kumsadiki aliposema anaumwa.

Wazo lenyewe la usalama wa kitamaduni lilizaliwa New Zealand, na mwanzilishi wake ni muuguzi wa Kimaori (Wamaori ni watu wa asili wa nchi hiyo), Irihapeti Ramsden. Mwaka 1988, katika mkutano wa wauguzi wanafunzi wa Kimaori mjini Christchurch, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliwauliza wakubwa wake swali: mnatufundisha usalama wa kisheria, wa kimaadili, wa kitabibu, usalama wa kitamaduni mbona hamuutaji? Ramsden alilichukua swali hilo akalifanyia kazi mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la New Zealand lililiingiza katika mafunzo ya lazima, na miaka iliyofuata kukazuka zogo kubwa magazetini mpaka bungeni, wapinzani wakidai wanafunzi wanalishwa siasa badala ya uuguzi.

Mkanganyiko mkubwa uko hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna mambo matatu yanayochanganywa. La kwanza ni kujua kwamba wagonjwa wako wana mila tofauti na zako. La pili ni kuwa na ujuzi wa kufanya kazi na watu wa mila hizo: unajua nini cha kuuliza, nini cha kuacha, lini umwite mkalimani. Yote mawili ni mema, na yote mawili yanamhusu mhudumu: anajifunza, anapewa cheti, anahesabiwa kuwa amehitimu. La tatu, usalama, linageuza mizani. Ramsden hakutaka wauguzi wawe wataalamu wa mila za Wamaori; aliona hatari ya muuguzi kukariri orodha ya mambo kisha kumpachika kila mgonjwa, hata yule ambaye hazifuati. Alitaka muuguzi ajichunguze mwenyewe: anatoka wapi, anabeba dhana gani, ana nguvu kiasi gani juu ya mtu aliyelala mbele yake bila nguo zake. Na akaweka sharti ambalo mpaka leo linawachoma wengi: mwenye kusema kama huduma ilikuwa salama ni aliyeipokea. Muuguzi hawezi kujitangazia.

Australia ilichelewa kulikubali sharti hilo, lakini ililikubali. Mkakati wa mamlaka ya usajili wa wataalamu wa afya wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba usalama wa kitamaduni huamuliwa na watu wa asili wenyewe, familia zao na jamii zao. Maana yake kwa kliniki ni kubwa kuliko inavyosomeka. Kama mwamuzi ni mgonjwa, basi idadi ya semina zilizofanyika haithibitishi kitu. Unatazama walioondoka kabla ya kuonwa na daktari, waliojitoa wodini kabla ya kuruhusiwa (jambo linalotokea kwa Waaborijini mara kadhaa zaidi ya Waaustralia wengine), na walioandikiwa dawa wasirudi kuongezewa. Hawa wametoa hukumu yao kwa miguu.

Chumbani kwa daktari mambo haya yana sura ya kawaida sana. Katika jamii nyingi za Waaborijini kuna mambo ya wanawake na mambo ya wanaume. Kumpangia kijana wa kiume muuguzi wa kike kwa tatizo la sehemu za siri ni kumwambia asirudi. Kuna uhusiano wa kuepukana, mfano mkwe wa kiume na mama mkwe, ambao hawapaswi kukaa uso kwa uso. Chumba kimoja cha kusubiri chenye mlango mmoja kinatosha kumfanya mmoja wao aondoke, na rejista itaandika tu kwamba hakuhudhuria. Msiba ukitokea, familia nzima husafiri, pengine kwa wiki kadhaa, na miadi yote hulala. Kuna pia "ndiyo" isiyo na maana ya ndiyo: mgonjwa anaulizwa maswali ya harakaharaka kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu au ya nne, naye anakubali kila kitu ili mahojiano yaishe. Daktari anaandika kwamba mgonjwa ameelewa na ameridhia upasuaji. Hatari hapo ni ya kitabibu kabisa, maana ridhaa haipo na historia ya ugonjwa si ya kweli. Northern Territory, eneo la kaskazini mwa Australia, ina huduma ya serikali ya wakalimani wa lugha za Waaborijini, na bado wagonjwa wengi hupita hospitalini bila kuitiwa mkalimani hata mara moja.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi tuwafunze madaktari vizuri zaidi. Waaborijini wa Redfern, mtaa wa Sydney, walilijibu hilo zamani. Mwaka 1971, wakiwa wamechoshwa na kudharauliwa hospitalini na kudaiwa pesa wasizonazo, walifungua kliniki yao katika jengo lililokuwa duka, wakisaidiwa na madaktari wa kujitolea akiwemo Fred Hollows, daktari wa macho, na mama mmoja maarufu aliyekuwa nguzo ya mtaa, Shirley Smith, ambaye kila mtu alimwita Mum Shirl. Tofauti na zahanati za hisani ilikuwa moja: bodi ilichaguliwa na jamii. Daktari aliajiriwa na watu aliowatibu. Hii ilikuwa miaka saba kabla ya mataifa kukutana Alma-Ata (leo Almaty, Kazakhstan) mwaka 1978 na kutangaza kwamba watu wana haki ya kushiriki kupanga huduma zao za afya ya msingi. Fitzroy, Melbourne, ilifuata mwaka 1973, na mwaka huohuo Waaborijini wa Alice Springs, mji wa katikati ya nchi, wakaunda Congress, shirika ambalo baada ya miaka miwili lilianzisha huduma ya matibabu. Leo huduma za namna hiyo zinazounganishwa na shirika lao la kitaifa, NACCHO, ni zaidi ya 140.

Kwa nini umiliki ubadilishe mambo ambayo mafunzo hayayabadilishi? Kwanza, anayekukaribisha mlangoni ni mtu wenu. Wahudumu wa afya wa Kiaborijini, ambao baadhi yao tangu mwaka 2012 wana usajili wa kitaifa kama taaluma nyingine, ndio wanaojua nani ni mkwe wa nani, nani yuko msibani, na kwa nini yule mzee amenyamaza. Muuguzi mgeni hubadilishwa kila baada ya wiki chache katika maeneo ya mbali, wao wanabaki. Pili, malalamiko yana pa kwenda. Daktari akimdharau mgonjwa, bodi inayomwajiri ni majirani wa mgonjwa huyo.

Lakini sababu ninayoiona kubwa kuliko zote ni ya tatu: mwenye kliniki ndiye anayeamua ugonjwa ni nini na kazi inaishia wapi. Mkakati wa taifa wa afya ya Waaborijini wa mwaka 1989, ulioandikwa kwa sauti yao, ulisema afya si hali ya mwili wa mtu mmoja tu, bali ni hali njema ya kijamii, kihisia na kitamaduni ya jamii nzima. Maneno kama hayo husomeka kama mapambo mpaka uone yanavyofanya kazi.

Huko kwenye nchi ya Waanangu, Waaborijini wa jangwani, kaskazini magharibi mwa jimbo la Australia Kusini, baraza la afya la Nganampa liliona katikati ya miaka ya 1980 kwamba watoto wanatibiwa macho, masikio na ngozi, wanapona, kisha wanarudi na ugonjwa uleule. Mkurugenzi wake, Yami Lester, aliwapa kazi daktari, mtaalamu wa afya ya mazingira na msanifu majengo: tafuteni namna ya kuwazuia watu wasiugue. Taarifa yao ya mwaka 1987 haikuanza na dawa. Ilianza na mabomba. Je, kuna maji ya kumwogesha mtoto mdogo? Yana moto? Choo kinapitisha? Kuna pa kufulia mashuka? Walipopima nyumba walikuta chache tu zenye bafu linalofanya kazi, na tangu siku ya kwanza ya kupima walibeba spana wakatengeneza palepale. Kazi hiyo ilipoenea nchini, kumbukumbu za matengenezo zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya ubovu ilitokana na ujenzi mbaya na kukosa matengenezo ya kawaida. Uharibifu wa wakazi, ambao ndio uliokuwa ukilaumiwa siku zote, ulikuwa sehemu ndogo. Ngozi iliyooga haikai na streptokoka kwa urahisi. Serikali isingetuma mafundi bomba chini ya bajeti ya afya. Jamii yenye kliniki yake iliwatuma.

Mfano mwingine ni wa figo. Mtu wa Kintore, karibu na mpaka wa Australia Magharibi, figo zake zikifa, ilimlazimu ahamie Alice Springs, zaidi ya kilomita 500, ili asafishwe damu mara tatu kwa wiki mpaka mwisho wa maisha yake. Wazee waliondoka wakafia mjini kwa upweke, mbali na ardhi wanayowajibika kuilinda na wajukuu wanaopaswa kuwafundisha. Wengine walikataa mashine wakabaki nyumbani kufa. Kwa mfumo wa hospitali hawa walikuwa wagonjwa wasiotii matibabu. Jamii yao iliona kwamba mashine iko mahali pasipofaa. Mwaka 2000 wachoraji wa Papunya Tula, ushirika wa wasanii wa Kiaborijini, walichora michoro mikubwa ikapigwa mnada Sydney, zikapatikana zaidi ya dola milioni moja za Australia, na mwaka 2004 usafishaji damu ulianza Kintore kwenyewe. Shirika lililozaliwa na juhudi hizo, linalojulikana kama Purple House, limepeleka mashine katika jamii nyingi za mbali na lina lori lenye mashine linalowawezesha walioko mjini kurudi nyumbani kwa mazishi na sherehe. Mwaka 2018 bima ya afya ya taifa ilianza kulipia usafishaji damu unaofanywa na wauguzi katika maeneo ya mbali kabisa. Sera ilikuja miaka 18 baada ya wachoraji.

Waganga wa jadi nao wana nafasi. Baraza la wanawake wa NPY (kifupi cha majina ya jamii tatu: Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara), katika jangwa la kati, huajiri ngangkari, waganga wa Kianangu, nao hufanya kazi pamoja na kliniki na hospitali. Hakuna anayempokonya mtoto sindano yake ya penisilini. Mgonjwa mwenye hofu huonwa na mganga kwanza, roho ikatulia, kisha anakubali kubaki wodini. Na Brisbane, mpango wa uzazi unaoendeshwa kwa pamoja na mashirika ya Waaborijini na hospitali, ambapo mama anahudumiwa na mkunga mmoja anayemfahamu tangu mimba mpaka baada ya kujifungua, umepunguza watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2021, na ni miongoni mwa ushahidi ulio imara tulio nao.

Yapo mapingamizi ya haki. Watu huuliza kama huduma ya kundi moja si upendeleo. Pengo la miaka minane ya kuishi linanitosha kama jibu, na huduma nyingi kati ya hizi huwapokea pia majirani wasio Waaborijini. Wengine huogopa kwamba ubora wa tiba utashuka. Kliniki hizi hukaguliwa kwa vigezo vilevile vya kliniki nyingine zote. Penisilini ni ileile na kipimo cha sukari ni kilekile.

Pingamizi gumu zaidi hutoka ndani. Katika jamii ndogo, anayepokea wagonjwa ni binamu yako, na karani ni rafiki wa mke wako. Msichana mwenye maambukizi ya zinaa, au mwanamke anayepigwa na mtu wa ukoo wenye nguvu kwenye bodi, anaweza kuiona kliniki ya jamii kuwa mahali pa hatari kuliko zote. Kwake, salama ni kwenda kwa daktari asiyemjua mtu. Watetezi wa huduma hizi wakilificha jambo hili wanaiumiza kazi yao wenyewe. Kama mgonjwa ndiye mwamuzi, ana haki ya kuamua pia kwamba kliniki ya jamii haimfai, na hospitali ya kawaida inapaswa kuwa salama kwa ajili yake. Ndiyo maana kuwepo kwa kliniki za jamii hakuziondolei hospitali za serikali wajibu wowote.

Kisha kuna pesa na muda. Kliniki ya jamii mara nyingi huishi kwa ruzuku nyingi ndogondogo, kila moja na mkataba wake mfupi na ripoti zake, kiasi kwamba meneja anajaza fomu wakati alipaswa kuwa anatafuta muuguzi. Mhudumu aliyejenga imani ya familia kumi na mbili huachishwa kazi kwa sababu fungu la mradi limefika mwisho wa mwaka wa fedha. Mwaka 2020 serikali zote za Australia zilitia saini makubaliano na mashirika ya Waaborijini na Wanavisiwa wa Torres Strait, zikiahidi kuimarisha huduma zinazomilikiwa na jamii na kugawana nao maamuzi. Tume ya Uzalishaji, chombo huru cha serikali kinachochunguza sera, ilipoyapitia mwanzoni mwa mwaka 2024 ilikuta serikali nyingi hazijabadili namna zinavyofanya kazi.

New Zealand, nchi iliyolizaa wazo lenyewe, ilikwenda mbali zaidi kisha ikarudi nyuma. Mwaka 2022 iliunda Te Aka Whai Ora, mamlaka ya afya ya Wamaori yenye uwezo wa kununua huduma kwa ajili ya watu wake. Serikali mpya ikaingia, na kufikia mwisho wa Juni 2024 mamlaka hiyo ilikuwa imevunjwa, kabla haijatimiza miaka miwili. Watoa huduma wa Kimaori bado wapo na bado wanapokea wagonjwa, ila mikataba yao sasa inaamuliwa tena na wizara na shirika la afya la taifa.